Ukianza na Jana, Baki Jana: Nyakati za Vitenzi kwa Anayeandika Kiingereza

"We arrived at the clinic at eight. The nurse tells us to wait outside." Kila sentensi hapo, ikisimama peke yake, haina kosa. Zikikaa pamoja ndipo zinapoharibika: tulifika zamani, nesi anatuambia sasa hivi. Msomaji wa Kiingereza husita, hurudi nyuma kuangalia kama kuna kitu kimempita, kisha huendelea huku imani yake kwa mwandishi imepungua. Likimkuta jambo hilo mara tano katika ukurasa mmoja, huacha kufuata habari akaanza kuhesabu makosa.

Wengi wanaoteleza hapa wanajua sarufi. Waulize "go" katika wakati uliopita inakuwaje, watakujibu "went" kabla hujamaliza swali. Kosa lao halimo ndani ya sentensi, limo baina ya sentensi na sentensi. Ndiyo sababu hata programu za kusahihisha Kiingereza kwenye simu na kompyuta mara nyingi hupita bila kulipigia mstari: kila sentensi ikipimwa peke yake imefaulu. Wa kuliona ni mtu anayesoma ukurasa mzima huku akikumbuka ulianzia wapi.

Mwongozo huu ni wa yule anayefikiri kwa Kiswahili halafu akalazimika kuandika Kiingereza: mwanafunzi wa sekondari mwenye insha, wa chuo mwenye tasnifu, anayeomba kazi, katibu wa kikundi aliyetakiwa kupeleka kumbukumbu za mkutano kwa mfadhili. Kwao wote chanzo cha tatizo ni kilekile, nacho kimo katika Kiswahili chetu wenyewe.

Kazi ya -ka-

Ukishasema "nilikwenda", wakati umeshajulikana, na vitenzi vinavyofuata havina haja ya kuutaja tena. Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikapanda daladala, nikarudi. -li- moja inatosheleza -ka- kumi. Hiyo -ka- yenyewe haisemi jana wala leo. Inasema tu kwamba hili lilifuata lile, na wakati wake inauchukua kwa kitenzi kilichotangulia. Ni utaratibu mzuri, na msimulizi hodari wa Kiswahili anaweza kwenda nao ukurasa mzima bila kumchosha mtu.

Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi kikuu hubeba wakati wake chenyewe, kiwe cha kwanza au cha kumi: "I went to the market, bought some fish, got on a daladala and came home." Mwandishi aliyelelewa na -ka- akifika kwenye kitenzi cha pili, akili humwambia wakati ameshautaja, basi anaandika kitenzi kitupu: "I went to the market, buy some fish." Yeye anadhani "buy" haina wakati. Msomaji wake anaisoma "buy" kuwa ni wakati uliopo, kwa sababu katika Kiingereza hivyo ndivyo ilivyo. Kitenzi kitupu katika sentensi kama hiyo hakipo upande wowote isipokuwa upande wa leo.

Kuna jambo la pili linalotuchanganya, nalo ni la utani wa lugha zaidi kuliko la kanuni. Anayesimulia kisa kwa mdomo, akifika penye utamu, huiacha -ka- akahamia wakati uliopo: "Basi nikafungua mlango, naingia ndani, namkuta amekaa, ananitazama tu." Wasikilizaji wanaona kama wapo. Waingereza nao hufanya hivyo wakipiga soga. Lakini katika Kiingereza cha kuandika, hasa cha mtihani na cha kazini, kuhama huko huhesabiwa kosa, hata kama umehama kwa makusudi. Kwa hiyo kadiri kisa chako kinavyokolea, ndivyo unavyotakiwa kuvichunga vitenzi vyako.

Na sikio nalo haliaminiki. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na masikio yetu hayakuzoea konsonanti zilizosongamana mwishoni mwa neno. Katika "asked", "used to" na "supposed to" ile "-ed" humezwa. Hata mzawa wa lugha akisema upesi "used to" hutasikia "d". Matokeo yake ni "he ask me", "we use to live there", "I was suppose to come". Hizi usizitafute kwa kujisomea kwa sauti, maana ulimi wako utazisoma sawasawa na usione kitu. Zitafute kwa macho, ukitazama mikia ya maneno.

Kata shauri kabla ya sentensi ya kwanza

Kila andiko lina wakati wake wa msingi, yaani wakati ambao vitenzi vingi vitakuwemo na ambao unarudi kwake kila ukishatoka. Uchague kabla hujaanza, na uuandike juu ya karatasi ya rasimu kwa neno moja: "past" au "present".

Kwa masimulizi, chagua "past". Wapo waandishi wa riwaya wanaosimulia kwa wakati uliopo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kazi zao ni nzuri, ila mtindo huo unahitaji mkono uliozoea. Kwenye chumba cha mtihani sikushauri. Kwa maelezo ya jinsi kitu kinavyofanya kazi, au mambo ambayo ni kweli siku zote, chagua "present". Habari za magazeti zina desturi yao: kichwa cha habari huwa katika wakati uliopo, habari yenyewe katika uliopita.

Insha ya fasihi ndiyo inayowasumbua wengi. Kiingereza kina desturi ya kueleza yaliyomo ndani ya kitabu kwa wakati uliopo, hata kama mwandishi wa kitabu amesimulia kwa uliopita. Sababu ni kwamba kila kitabu kinapofunguliwa, mambo yanatokea tena. Maisha ya mwandishi, kwa upande mwingine, yalitokea mara moja yakapita. Tazama jinsi hayo mawili yanavyokaa pamoja katika maelezo ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah: "Gurnah was born in Zanzibar in 1948. He published Paradise in 1994 and won the Nobel Prize in Literature in 2021. In the novel, Yusuf leaves home with Uncle Aziz, and only later does he learn that his father has given him away to pay a debt." Kuzaliwa, kuchapisha na kushinda tuzo ni historia, vimewekwa katika wakati uliopita. Yusuf anaondoka na anakuja kujua. Hiyo ni hadithi, iko katika wakati uliopo. Angalia pia "has given". Tendo la baba lilitangulia, lakini kwa kuwa msingi ni wakati uliopo, lililotangulia linachukua "has" na si "had". Wanafunzi wengi huandika "had given" hapo kwa mazoea.

Kwa wanafunzi wa Kenya, karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE ina mtego wa ajabu kidogo: insha ya kubuni na insha za vitabu teule zimo katika karatasi hiyohiyo. Unamaliza swali la kwanza ukiwa umezama katika "went" na "saw", unafungua la pili ambalo linataka "goes" na "sees". Ukihama swali, chukua nusu dakika uandike upya pembeni wakati wako wa msingi. Hatari nyingine iko katikati ya insha ya kitabu: ukianza kusimulia kisa badala ya kukijadili, utajikuta umerudi kwenye "past" bila kujua. Ukiona "went" na "said" zimeanza kupangana katika insha ya aina hiyo, mara nyingi ni dalili kwamba umeacha kujibu swali.

Aya moja, tuitazame kwa karibu

Hii ni aya niliyoitunga, lakini kila kosa lililomo utalikuta katika daftari la mwanafunzi yeyote:

"Last December I travelled to Tanga to see my grandmother. The bus left Mbezi at six in the morning. At Chalinze we stop for tea and a woman sells me two boiled eggs. I ask for salt but she has finished it. When we reached Segera the driver says that the engine is too hot, so everybody gets down. I looked at my phone and see that my uncle has called me four times."

Sentensi mbili za kwanza ni safi. "Travelled" na "left" zimetangaza msingi: wakati uliopita. Kisha inakuja Chalinze, na mwandishi kichwani mwake anasema "tukasimama kunywa chai, mama mmoja akaniuzia mayai mawili, nikaomba chumvi". Ndizo -ka- zetu, zimetafsiriwa kwa vitenzi vya wakati uliopo: "stop", "sells", "ask". Segera inamrudisha katika "reached", pengine kwa sababu neno "when" lilimkumbusha kwamba anasimulia, lakini dereva akafungua kinywa na kila kitu kikahama tena. Na mwisho kabisa "looked" na "see" zimo katika sentensi moja, zimeunganishwa kwa "and", kila moja na siku yake.

Zipo pia "has finished" na "has called". Hizi zinahitaji uangalifu zaidi, maana ukizigeuza kuwa "finished" na "called" tu, mpangilio wa matukio unapotea. Chumvi iliisha kabla sijaiomba. Mjomba alipiga kabla sijaitazama simu. Tendo lililotangulia tendo jingine la zamani huchukua "had". Basi aya inakuwa hivi:

"Last December I travelled to Tanga to see my grandmother. The bus left Mbezi at six in the morning. At Chalinze we stopped for tea and a woman sold me two boiled eggs. I asked for salt but she had run out. When we reached Segera the driver said that the engine was too hot, so everybody got down. I looked at my phone and saw that my uncle had called me four times."

Dereva mwenyewe alisema nini? Alisema injini ina joto sana. Kiswahili husema "dereva alisema kwamba injini ina joto", na -na hiyo inakaa vizuri kabisa baada ya "alisema". Kiingereza hurudisha kitenzi cha pili nyuma hatua moja: "is" inakuwa "was", "will" inakuwa "would", "has called" inakuwa "had called". "Alisema atakuja" ni "he said he would come". Kama jambo lingali kweli hadi leo unaruhusiwa kuliacha katika wakati uliopo, "she said that she lives in Mombasa", lakini ukiwa na shaka, rudisha nyuma; mara chache sana utakosea. Na kama kurudisha nyuma kunakusumbua, yaweke maneno ya msemaji ndani ya alama za kunukuu kama yalivyotoka kinywani mwake: The driver said, "The engine is too hot." Ndani ya alama hizo msemaji ana uhuru wake. Ukifunga alama tu, umerudi kwenye msingi wako.

Sababu halali za kuhama

Kubaki katika wakati mmoja hakumaanishi kwamba kila kitenzi kifanane na mwenzake. Mwandishi mzuri huhama, lakini habari yenyewe ndiyo inayomhamisha.

Ukweli usiobadilika huhama bila shida. "We climbed Kilimanjaro, which is 5,895 metres high." Sisi tulipanda zamani, mlima bado upo na kimo chake. Ukiandika "was 5,895 metres high" msomaji ataanza kujiuliza umepatwa na nini tangu siku hiyo.

Kurudi nyuma zaidi ndani ya kisa huhitaji "had", lakini si kwa kila kitenzi. Hapa waandishi wetu wengi hujitesa: wanaanza na "had bought", wanaendelea "had carried", "had put", "had locked", mpaka aya nzima inasomeka kwa taabu. Tumia "had" mara moja au mbili kufungua mlango wa zamani, kisha endelea na "past" ya kawaida, na ukitaka kurudi, weka neno la kumjulisha msomaji: "My grandmother opened the box. She had bought it in Pangani before I was born. The seller wanted forty shillings and she gave him thirty. Now she took out a bundle of letters." "Wanted" na "gave" ni za siku ile ya Pangani, na "now" imetuleta tena kwa bibi na barua zake.

Kuna kosa pacha, la kutumia "had" pasipo na matukio mawili. "Yesterday I had gone to the bank." Ulikwenda kabla ya nini? Kama hakuna jibu, andika "I went". Katika barua pepe za ofisini nimeona "had" ikitumika kama namna ya upole, "I had requested for the documents", na msomaji asiyezoea Kiingereza chetu hubaki akisubiri nusu ya pili ya habari.

Masharti na mambo yajayo yana utaratibu wao, na Kiswahili kinatuponza waziwazi. Sisi tunasema "utakapofika Mwanza, nipigie", na -ta- imo ndani. Kiingereza baada ya "when", "before", "after" na "until" za namna hiyo hakitaki "will": "When you arrive in Mwanza, call me." Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, "ningekuwa na pesa ningenunua", kwao "would" hukaa upande mmoja tu: "If I had money, I would buy it." Na ile ya majuto, "ningalijua nisingalikuja", ni "If I had known, I would not have come." Nayo "tuliondoka kabla hajafika" ni "we left before he arrived". Kukanusha kwetu baada ya "kabla" kusivuke mpaka.

Fumbo la -me-

Kiambishi -me- kinastahili sehemu yake, maana kinafanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa, na ndicho kinachotia "has" na "had" mahali pasipostahili.

Mara nyingine -me- hueleza tendo lililokwisha na ambalo matokeo yake yapo: amefika, wamelipa, nimesoma. Hapo "has" na "have" zinafaa. "She has arrived." Lakini ukitaja siku au saa iliyokwisha pita, Kiingereza kinakataa kabisa. "Amefika jana" watu husema kila siku. "She has arrived yesterday" haiandikiki. Ukiona "yesterday", "last week", "in 2019" au "two years ago" katika sentensi yako, ifute "has" uweke "past" ya kawaida: "she arrived yesterday". Na kinyume chake, jambo lililoanza zamani na linaendelea hadi leo hutaka "have". Sisi husema "ninafanya kazi hapa tangu 2019". Kiingereza hakisemi "I am working here since 2019", husema "I have worked here since 2019".

Mara nyingine -me- haielezi tendo, inaeleza hali ya mtu ilivyo sasa: amelala, amekaa, amevaa, nimechoka, nimeelewa. Kiingereza huzieleza hali hizi bila "has": "he is asleep", "she is sitting", "I am tired", "I understand". Sasa ziingize katika kisa. "Alikuwa amevaa kanzu nyeupe" hugeuzwa na wengi kuwa "he had worn a white kanzu", na msomaji anaelewa kwamba aliivaa wakati fulani, akaivua, na sasa amevaa kitu kingine. Ulichotaka kusema ni "he was wearing a white kanzu". Vivyo hivyo "alikuwa amekaa mlangoni" ni "she was sitting at the door". Kabla ya kuandika "had" kwa sababu tu kichwani mwako kuna -me-, jiulize: naeleza tendo lililotangulia, au naeleza mtu alivyoonekana?

Kazini na chuoni

Katika wasifu wa kazi mambo ni mepesi. Kazi unayoifanya sasa huelezwa kwa "present", "I manage a team of six". Uliyoiacha kwa "past", "I managed a shop". Ukipandishwa cheo au ukihama kazi, usisahau kurudi kwenye mistari ya zamani na kuigeuza. Waajiri huiona haraka kazi ya mwaka 2017 ambayo bado inasimuliwa kana kwamba unaifanya.

Kumbukumbu za mkutano huwa katika wakati uliopita kuanzia mwanzo hadi mwisho, na karibu kila sentensi ni ya taarifa: "The treasurer reported that the group had 840,000 shillings in the bank and that three members had not paid. She promised that she would bring the list the following week." Makatibu wengi huandika wakati mkutano unaendelea, kwa hiyo madokezo yao yote yamo katika "present". Hilo halina ubaya. Ubaya ni kuyanakili yalivyo. Na ukigeuza kitenzi, geuza na neno la wakati lililo karibu yake: "next week" ya mhazini imekuwa "the following week", maana atakayesoma kumbukumbu hizo mwezi ujao wiki yake ijayo ni nyingine.

Tasnifu ndiyo yenye kilio kikubwa. Mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti kwanza, na kwa kuwa utafiti haujafanyika, sura ya tatu huandikwa kwa wakati ujao: "Data will be collected from 60 farmers. A questionnaire will be used." Anakwenda kijijini, anarudi na takwimu, anaandika sura ya nne na ya tano, anabandika sura tatu za mwanzo kutoka kwenye pendekezo, na msimamizi anafungua tasnifu iliyokamilika na kukuta data bado zitakusanywa. Msaada wa haraka ni kutafuta neno "will" katika faili zima na kulipitia moja moja. Usiamuru kompyuta ibadilishe zote kwa mkupuo, kwa sababu hazibadiliki sawa: "data will be collected" ni "data were collected", "a questionnaire will be used" ni "a questionnaire was used", lakini "this chapter will present the methods" ni "this chapter presents the methods", maana sura ipo mbele ya msomaji na inafanya kazi yake sasa. Pitia na mapendekezo ya mwishoni mwa tasnifu. Huko "will" na "should" zina haki ya kubaki.

Katika sura ya matokeo nyakati mbili hukaa katika sentensi moja bila kugombana. "Table 4.2 shows that 41 of the 60 farmers used fertiliser." Jedwali bado linaonyesha, wakulima walishatumia. Kwa mapitio ya maandiko ya watangulizi, mitindo inatofautiana: mwongozo wa APA, toleo la 7, hutaka wakati uliopita au hali timilifu ya "has argued", ilhali MLA hupendelea wakati uliopo, "argues". Chuo chako kina wake. Utafute kabla hujaandika aya ya kwanza, kwa kuwa kubadilisha "argued" mia moja kuwa "argues" usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi ni adhabu.

Kusoma vitenzi peke yake

Kusoma rasimu kwa ajili ya maana na kusoma kwa ajili ya nyakati ni kazi mbili. Ukizifanya kwa pamoja, maana itakuteka na vitenzi vitapita. Chapisha rasimu kama unaweza, chukua penseli, zungushia kila kitenzi kikuu, na juu yake andika J kwa jana au L kwa leo. Usisome habari, soma vitenzi tu. Katika kisa utapata mfululizo wa J, kisha L moja au mbili zimejitokeza. Kila L ijieleze. Majibu yanayokubalika ni machache: ni ukweli ambao ungalipo, ni maneno ya msemaji ndani ya alama za kunukuu, au ni wewe mwandishi unatoa maoni yako ya leo. Isiyo na jibu, igeuze.

Wakati wa kupitia, yako mahali ambapo makosa hupenda kujificha. Moja ni mara tu baada ya mazungumzo: "I am tired," she said, na sentensi inayofuata inaandikwa "she sits down", kwa kuwa ile "am" imeivuta. Jingine ni mwanzo wa aya, hasa pale ulipoacha kuandika jana ukaendelea leo. Kabla ya kuendelea, soma tena aya ya mwisho uliyoiacha. Pia penye fujo, pale gari lilipopinduka au mwizi alipokimbia. Na uangalie vitenzi visivyobadilika umbo: "put", "cut", "hit", "let", "shut" na "cost" ya bei hubaki vilevile katika wakati uliopita, usiviongezee "-ed". "Read" nayo haibadiliki kwa maandishi, ila "lead" inabadilika na kuwa "led". Hiyo "led" ndiyo ambayo hata wahariri wenye uzoefu huikosa.

Mpe na mtu mwingine asome, ikiwezekana ambaye hakijui kisa chako. Usimwombe asahihishe Kiingereza chote, mwambie aweke alama tu pale atakapojiuliza "hii ni lini?" Alama hizo zitakufaa kuliko wino mwekundu wa ukurasa mzima.

Na kama una tasnifu inayosubiri kukabidhiwa, anza na sura ya tatu.